Nta Upande wa Kaskazini

Dira za kutoka Ulaya zikifika Mwanza huinama.
Ncha ya kusini inazama, inakwaruza chini,
kama ndama anayenusa maji yaliyo chini ya mchanga.
Baba hakulalamika. Aliwasha mshumaa,
akadondosha nta, chembe ndogo kama yai la chawa,
upande wa kaskazini,
akangoja sindano itulie
kama mgeni aliyepewa kigoda.

Kazi hiyo nimeirithi: Bandari ya Kusini,
chumba cha pili baada ya mizani,
harufu ya dagaa na grisi.
Ramani ya baba ina penseli pembeni:
mwaka, na sindano ilikoelekea.
Kila baada ya miaka alifuta, akaandika upya.
Kaskazini haikai, alisema, inahama na malisho.
Nami nimefuta. Karatasi pale imekonda,
ukiinyanyua dirishani unaliona ziwa.

Na sisi ndio Wasukuma!
Sukuma: kaskazini. Dakama: kusini.
Wengine wameitwa kwa mto, kwa babu, kwa mlima;
sisi tumeitwa kwa upande.
Nasikia zamani, kabla ya mtu,
dunia iliwahi kuzigeuza sindano, mbele nyuma,
wala si mara moja.
Ikirudia, shangazi Minza, tutakuwa Wadakama?
Alicheka hadi akashika ukuta.
"Na mkopo wangu wa benki, nao utageuka?"

Lutonja wa Mabatini hakucheka.
Ana njiwa thelathini na mmoja,
kila mmoja na jina la mwalimu aliyemchapa.
Jumamosi hutia kumi tengani, hupanda meli hadi Nansio,
huwaachia gatini,
nao huwa wameshatua kwenye bati lake
yeye bado anachambua miiba ya sato.

Mwezi wa tano ule redio ilisema jua limechafuka.
Mezani kwangu sindano zilitetemeka, kidogo tu,
kama ngozi ya ng'ombe inzi akitua.
Lutonja aliachia kumi.
Walilizunguka gati mara saba, nane,
wakatawanyika.
Walirudi wanne.

Alikuja na tenga tupu, akaliweka juu ya ramani.
"Wewe ndiwe fundi wa kaskazini.
Jumamosi ilikuwa wapi?"

Nikamwambia nijuavyo, navyo si vingi:
kwamba huenda jichoni mwa ndege
sumaku ya dunia huonekana, kama kivuli, kama ukungu mwepesi;
kwamba mbayuwayu wanaotujia wakikimbia baridi
huvuka mahali, mbali huko juu,
ambapo sindano hailali huku wala kule,
na kuanzia hapo
lazima waisome anga kama kitabu kilichopinduliwa;
kwamba hata ng'ombe, wapo walioapa
kuwa hulala vichwa kaskazini au kusini,
na wapo waliohesabu tena wakakataa.
Huenda ni jua, Lutonja.
Huenda ni mwewe. Huenda ni mvua ya Ukerewe.

"Huenda," akasema, "hailali kiotani."
Akachukua tenga lake.

Siku ya kumi na tisa meli ya Nansio ikafunga kamba.
Juu ya gunia la machungwa, kifua mbele,
hasemi na mtu,
Mwalimu Nyanjige, yule wa kijivu mwenye ukucha uliovunjika,
amevuka ziwa bila tiketi.
Karani wa mizigo akadai nauli kwa utani.
Lutonja akalipa kweli,
akaomba na risiti.

Nikarudi mezani. Kuna dira ya boti ya doria, mpya,
imeinama kama wenzake.
Nikawasha mshumaa. Nikadondosha.
Kisha, pembeni mwa ramani,
pale baba alipoandikia kaskazini,
nikaandika: njiwa watano, bado.
Kwa penseli,
ili niweze kufuta.