Jicho la Kushoto

Saa kumi na moja alfajiri, Kadutu, umeme haujarudi.
Kalamu ya wanja imebaki urefu wa kucha;
tunagawana mimi na dada yangu Nsimire,
simu yake ikitumulika.
Poda kidogo, puani tu. Rangi ya mdomo hapana:
barakoa itaila yote kabla ya chai.
Kucha fupi, tupu. Masere Godelive huzikagua
kama mtu anayechambua mchele.

Saa nne, kitanda cha saba kikabaki kitupu.
Nikaenda kunawa mikono. Nikanawa muda mrefu.

Mama M'Rugambwa wa kitanda cha nane
akanitazama nikimfunga kipimo cha presha:
"Binti, jicho la kushoto limehama."
Nikalipangusa kwa pamba.
"Usilifute lote. Na mimi je?
Mwanangu anafika leo kutoka Uvira,
na midomo hii imepasuka kama udongo wa Ruzizi."

Nikavua glavu, nikavaa mpya,
nikachota vazelini kwa ncha ya kidole.
Akaibana midomo, akaiachia,
kama mtu aliyewahi kuwa na kioo chake.

"Presha?" Masere akauliza mlangoni.
Kumi na mbili kwa nane, nikasema.
Hilo ndilo nililoandika.