Nafuu

Wodini Ligula neno hili naliandika kila siku:
kitanda cha tatu, amepata nafuu.
Maana yake amekunywa uji, na uji umebaki.
Amemwuliza mwanawe habari za mbuzi.
Haina maana kwamba amepona.
Kwa hiyo walipobandika tangazo ofisi ya mtaa,
NYUMBA ZA BEI NAFUU, herufi nyekundu,
nililisoma kama nesi: nani anaumwa,
na joto limefika ngapi?

Kota zetu zinaumwa, sibishi.
Zilijengewa watu wa kiwanda cha korosho
enzi ambazo king'ora kiliamsha hata kuku.
King'ora kikanyamaza, mashine zikauzwa kwa kilo,
watu wakabaki, kama maganda yanavyobaki.
Nyumba thelathini na mbili, bati zina kutu ya rangi ya mabibo,
na masika yakifika kila chumba kinajua sufuria ikae wapi.
Choo cha safu ya pili kimezama upande mmoja.
Tunaingia tumeshika ukuta, kama walevi wa uraka,
ilhali kooni hatujatia kitu.

Aliyekuja na ramani ni Bi Nandonde wa mipango miji,
viatu mkononi, maana mvua ilikuwa imenyesha.
Akaitandaza juu ya meza ya muuza ming'oko:
maghorofa manane, kaya mia na ishirini na nane.
Palipo na mlango mmoja pataota minne.
Wenye mikataba watarudi kwanza.
Wengine watapanga foleni.
Alisema "wengine" kwa upole, bila kututazama,
nami nikakunja miguu chini ya benchi.

Mimi ni wengine.
Nakaa uani kwa Mama Chilumba, Namba Kumi na Moja,
chumba kilichokuwa jiko.
Masizi bado yamening'inia kwenye kenchi; nikiota, naota moshi.
Nalipa elfu ishirini na tano, mkononi, bila risiti,
kwa sababu mpangaji wa kota haruhusiwi kupangisha,
mkataba unasema,
na mkataba wenyewe una jina la marehemu mumewe.

Usiku ule mtu aliandika kwa mkaa, ukutani mwa ofisi:

Vunjeni hizi vunjeni, kuta zimeshachakaa,
Kwanza mtuambieni, wapi tutakapokaa,
Kodi yenu bei gani, isiyotutia njaa?
Nasi tulio uani, jina letu litafaa?

Sisemi nani. Mkaa ulikuwa wangu.

Jumatatu akaja kijana wa kuhesabu,
kalamu imefungwa uzi shingoni.
"Kaya ngapi hapa?"
Mama Chilumba alikuwa anabangua korosho,
vidole vyeusi kwa mafuta yake.
Nilishamsamehe kabla hajajibu:
akiniandikisha mimi, anajiandikia kosa.
Akabangua moja, ikatoka nzima, akaiweka kwenye ungo.
"Mbili."
"Daftari la zamani lina moja."
"La zamani liliandikwa na mtu aliyeishia sebuleni. Zunguka."
Kijana akazunguka. Akaona pazia langu,
gauni langu jeupe la kazi kwenye kamba,
akaandika.

Sijui kama jina hilo litafika kwenye funguo.
Nimeona majina mengi yaliyoandikwa vizuri
na asubuhi shuka limekunjwa.
Kodi hawajaitaja mpaka leo.
Nyumba inaweza kuwa nafuu kwa anayeitangaza
na homa kwa anayeilipa.

Leo Mama Chilumba amekuja hospitali, si kutibiwa.
Amekuja kujaribu ngazi za wodi ya juu.
Ya kwanza hadi ya tisa alihesabu kwa sauti.
Ya kumi akakaa, akashika goti.
"Waambie mimi wanipe ya chini," akasema.
"Wewe wakuweke juu yangu,
nikisikia miguu nijue umerudi."
Kwa mazoea nikachomoa kalamu, nikaangalia saa.
Kisha nikakaa pembeni yake, ngazi ya kumi,
wagonjwa wakatupita.