Pauni Moja na Nusu

Nilianza kukupima ukiwa na miezi saba,
kliniki ya kambini, ukining'inia kwenye ndoano
ndani ya kisuruali cha turubai, unarusha mateke,
nami chini yako, macho kwenye mshale.
Muuguzi akakuzungushia utepe mkononi:
nyekundu. Wiki mbili baadaye, nyekundu.
Nilikulisha uji wa msaada kwa kidole,
kilichomwagika kidevuni nikakikomba, nikakirudisha.
Siku utepe uliposoma njano nilipiga kigelegele
hadi mlinzi akaja kuuliza nani kajifungua.

Sasa una miaka kumi na sita, Etungano.
Tuko Waterloo, Iowa, mahindi mpaka upeo wa macho,
nawe umejifunza mieleka.
Nimekuona ukimbwaga mtoto wa mwenye matrekta,
ukumbi mzima ukaita jina letu, ukalikosea.
Nikajivuna. Sikuuliza bei.

Bei ni pauni mia na kumi na tatu,
kila Ijumaa, umevua mpaka chupi.

Alhamisi nakukuta bafuni, maji ya moto yanamwagika bure,
mvuke umefuta kioo, umevaa mfuko wa taka
chini ya sweta mbili, unaruka kamba isiyokuwepo.
"Bado pauni moja na nusu tu, mama."

Pauni moja na nusu
ndiyo niliyoisubiri miezi mitatu ikuingie.

Chini ya kitanda nikaokota chupa.
Nilidhani mafuta. Nikanusa. Mate.
Mtoto ameketi gizani anajitema
tone kwa tone, apungue.
Haba na haba hujaza kibaba, nilikufundisha;
sikujua kwamba haba na haba hukimwaga pia.

Nilipayuka. Nakiri. Nilikutajia foleni,
bakuli, majina ya waliokufa,
nikakuhubiria njaa
kana kwamba ni urithi umeukataa.
Ukanitazama, mashavu yamezama, ukasema taratibu,
"Ile hukuichagua, mama. Hii ni yangu."

Kocha Brandvold anaiita nidhamu.
Mchungaji anadhani umefunga.
Baba yako anasema ni ujana, utapita.
Daktari, binti mdogo mwenye viatu vya mvua,
alisikiliza moyo wako muda mrefu kuliko kawaida
akaandika: arobaini na moja.
Akasema huu ni ugonjwa, na wavulana unawashika,
akanikataza kukuhesabia matonge.

Matonge!
Mimi niliyeishi kwa kuhesabu vikombe vya unga.

Basi najifunza kupika bila kukutazama.
Nasonga, napakua sombe, nasimulia habari za msimamizi
aliyeteleza kwenye barafu mbele ya kiwanda,
akaamka akatukaripia sisi.
Unacheka kidogo. Unasogeza chakula ukingoni mwa sahani
kama mtu anayepanga mizigo ya safari,
mara unapangua, mara unapanga tena.
Mieleka umesimamishwa. Hunisemeshi kila siku.

Mizani ya bafuni nimeitupa nyuma ya nyumba.
Tangu Jumapili inapima theluji.
Leo asubuhi mshale ulisoma sita.

Lakini jana, saa nane za usiku, nilisikia jiko.
Nikasimama kwenye ujia, miguu mitupu.
Ulikuwa umechemsha yai moja. Ulilimenya polepole
kama mtu anayefungua barua asiyoitaka,
ukala ute, ukaacha kiini katikati ya sahani,
mkiangaliana.
Njano.
Kisha ukachukua kisu, ukakikata nusu.

Niliuma kitenge changu kwa meno yote
kigelegele kisinitoke.

Nusu ya pili niliikuta asubuhi, imekauka ukingoni.
Nikaikomba kwa kidole.
Nikaila mimi.