Nati Moja Imebaki

Dola elfu moja na mia nane, usafirishaji ukiwemo.
Nilibonyeza "nunua" saa tano ya usiku,
mikono bado inanuka vitunguu vya jikoni pa shule,
kisha nikafunga kompyuta upesi
kama mtu aliyeiba.

Asubuhi Tobin akapiga simu kutoka Reno.
"Mama, rahisi ni ghali. Kitu hicho kitakufia njiani."
Nikamjibu: baba yako alinifia sebuleni,
na yeye hakuwa wa bei nafuu.

Siku kumi na tisa.
Lori likasimama kwenye lami, likagoma kupanda changarawe.
Dereva akashusha kreti kando ya sanduku langu la barua,
nikatia sahihi, akaondoka na vumbi lake.
Ikabidi Delbert aje na trekta la kubebea majani ya ng'ombe,
akaliinua kreti polepole, bila neno,
kama aliyetumwa keki ya harusi ya mtu asiyempenda.

Ndani: povu, mikanda ya chuma, harufu ya bandari nisiyoijua,
na pikipiki isiyo na gurudumu la mbele,
vioo vimeviringishwa kwenye gazeti
ambalo bonde zima hili hakuna awezaye kulisoma.
Mimi niliona farasi aliyepiga magoti.
Delbert aliona kazi ya wiki nzima.

Kitabu cha maelekezo kilisema:
*Kaza bolti kwa furaha ya wastani.*
Nilicheka hadi nikakaa kwenye sakafu ya gereji.
Lakini tangu siku hiyo natafuta kipimo kingine, sikioni.
Ukikaza kwa hasira, uzi unakatika.
Ukikaza kwa uvivu, barabara inafungua.

Oili ya kiwandani tuliimwaga kwenye beseni:
imejaa chembe zinazometa,
chuma kikijifunza kukaa na chuma.
Spoki nilizigonga moja moja kwa spana ndogo.
Iliyokaza inalia *tii*.
Iliyolegea inasema *tup*, kama mtu anayedanganya.
Jeti ya kabureta tuliibadilisha mara tatu,
maana huku juu hewa ni nyembamba
na injini ilikuwa inapaliwa na petroli yake yenyewe.
Cheni. Betri. Indiketa ya kushoto iliyowaka kulia.
Chakula cha jioni kilikuwa biskuti, tukiwa wima.

Kwenye ofisi ya magari Bi Hulda alinitazama juu ya miwani.
"Ya mjukuu?"
"Yangu."
Akalinakili jina la kiwanda herufi kwa herufi,
akauliza linatamkwaje.
Nikasema sijui, tunaitana "wewe" tu.
Akapiga muhuri kwa nguvu kuliko ilivyohitajika.

Jumapili ikawaka kwa teke la kumi na moja.

Nilipanda kwenye mnara wa kuangalia moto
nilikofanya kazi nikiwa na miaka ishirini,
majira mawili ya joto, darubini na redio,
na mvulana wa kuleta maji niliyemkatalia.
Maili ishirini na sita za mawe.
Gia ya pili, gia ya kwanza, miguu yote chini,
nikiitukana, nikiibembeleza,
makalio yakihesabu kila jiwe.

Mnara haupo.
Miguu minne ya zege na kopo lenye kutu.
Nilizima injini nikasimama pale kidogo.
Hakukuwa na moshi popote; kwa mazoea
nikatamani kumtangazia mtu.

Niliporudi, Delbert alikuwa mezani kwangu
akiitazama nati moja, mpya, inang'aa,
chini ya kikombe changu cha kahawa.
Tukazunguka pikipiki na tochi hadi saa nne.
Kila bolti ina nati yake. Hakuna tundu lisilo na mtu.

Iko kwenye mfuko wa aproni.
Nikiwagawia watoto viazi naigusa,
nakumbuka ule mteremko wa mwisho,
breki ya nyuma inalia,
na sijui hadi leo ni nini
kilichokuwa kimetushikilia.