Kigae cha Arobaini na Nne

Saa tatu usiku tunabisha kwa Dona Odila,
mimi na Valdecir, koleo, chupa ya mdomo mpana,
na taa ya zambarau ambayo ikimulika gizani
nge hung'aa kijani, kama akrabu za saa ya zamani.

Amevaa mabuti ya marehemu mumewe
humo humo ndani, mwezi wa nne sasa.
"Ingieni, ila msikanyage bila kutazama.
Hapa hata mgeni hukung'uta kiatu kabla ya salamu."

Mtaa huu umeegemea ukuta wa makaburi.
Makaburi yana nyufa, nyufa zina mende,
na penye mende nge hangoji kualikwa.
Hupanda kwa bomba la maji machafu,
huchomoza bafuni kama mpangaji mwenye ufunguo.
Mwaka juzi manispaa ilipuliza dawa.
Nge walitawanyika tu,
wakaingia vyumbani na hasira ya kuhamishwa.
Siku hizi nawaambia watu: acheni dawa.
Zibeni. Fagieni. Vuteni kitanda mbali na ukuta,
shuka isiguse sakafu.
Wananisikiliza kama watu wasikilizavyo redio
huku wakikaanga mayai.

Dona Odila alisikiliza.
Kila tundu la maji amelikalisha kifuko cha mchanga
alichokishona mwenyewe kwa pazia kuukuu.
Miguu ya kitanda imesimama ndani ya mitungi ya kioo.
Nyumba nzima imepandisha sketi.

Na bado, Jumanne, ndani ya kiatu cha shule.
Caíque, miaka sita, alikuwa amechelewa.
"Mwanzo hakulia," bibi anasema. "Alitapika.
Jasho likamtoka kama mbeba saruji."
Dakika arobaini hadi hospitali yenye dawa.
Dereva wa teksi alikataa nauli.
Sasa mtoto yuko kwa shangazi, ghorofa ya nane,
anauliza kwa simu kama nge wanajua kupanda ghorofa.
Bibi ananitazama.
Wanajua. Simwambii.

Tunazima taa zote.
Jikoni, hakuna. Bafuni, hakuna.
Uani kuna rundo la vigae
ambavyo mzee Ademar alikusudia kuezekea banda
kabla moyo haujamgomea.
Tunainua kimoja, tunainua cha pili.
Kwenye cha kumi na saba, yule pale.
Kijani. Na mgongoni wadogo, weupe,
wamebanana kama punje za wali.

"Baba yao yuko wapi?"
Namweleza: hawa dume hawamhitaji.
Hujizalia peke yao, jike kwa jike,
mmoja akiponyoka anatosha kuanzisha mji.
Dona Odila ananyamaza.
Ademar alikuwa mtu wa malori, mwaka nenda mwaka rudi barabarani;
watoto watano, homa zao zote, ada zao zote.
"Kumbe tuko wengi," anasema, na anacheka,
halafu hacheki.
"Usimuue hapa. Si mbele yangu, na watoto mgongoni."

Siui. Koleo kwenye mkia, polepole,
pumzi nimeibana mpaka kifuniko kilie.
Atapelekwa mji mkuu, wakamkamue sumu,
iwe dawa kama ile iliyoingia mshipani mwa Caíque.
Dawa ya moto ni moto.
Nayasema haya kila nyumba,
na kila nyumba mtu huangalia chupa kwanza, kisha mimi,
kama anayeuliza nani kati yetu wawili ni muuzaji.

Vigae viko mia mbili. Tumefika arobaini na tatu.
Valdecir anahesabu kwa sauti ili asisinzie.
Dona Odila analeta kahawa,
anapindua kila kikombe, anakigonga mara mbili,
anachungulia, ndipo anamimina.
Nami, nimeshika kikombe changu,
nakipindua hewani kwanza,
kahawa yote chini,
naye hashangai, anarudi ndani kuleta nyingine.