Ishirini

Kwenye chati zetu, hospitali ya Webuye,
safu ya pumzi ilikuwa na namba moja:
ishirini.
Bibi wa kitanda cha dirishani, ishirini.
Kijana wa pikipiki aliyevunjika paja, ishirini.
Anayekoroma, anayehema, aliyelala fofofo,
ishirini, ishirini,
hata kalamu ikaijua njia
kama ng'ombe anayerudi zizini bila mchungaji.

Niliandika mimi pia. Sikatai.
Miaka thelathini kasoro miwili ndani ya sare hii,
wagonjwa arobaini na kitu, wauguzi wawili,
na mmoja wetu ameshuka maabara kufuata damu.
Nani ana dakika nzima ya kusimama
akitazama kifua cha mtu kikipanda, kikishuka?

Kisha Machi, Mzee Wamukota wa Misikhu
akafa saa kumi alfajiri.
Chati yake, kwa mwandiko wangu mzuri,
ilisema saa nane alikuwa akipumua ishirini.
Mwanawe hakuiona.
Niliiona mimi.

Baadaye tukaletewa mwalimu.
Nilitarajia miwani na mvi.
Akaja Nasambu, msichana wa juzi,
viatu vya raba, saa imening'inia kifuani,
akafungua darasa kwenye stoo ya mashuka
maana ukumbi ulikuwa na kikao cha bajeti.
Tukaketi juu ya mabunda ya blanketi.
Nikajisemea: huyu huenda nilimpokea mwenyewe leba,
leo ananifunza kuvuta hewa!

"Geukianeni," akasema. "Wawili wawili.
Hesabu dakika nzima, si robo ukazidisha.
Na usimwambie mwenzako umeanza:
pumzi ikijua inatazamwa hujipamba."

Nilimhesabu Khakasa: kumi na nne.
Miaka tisa tumegawana chai na zamu,
sikuwahi kumwangalia dakika moja akiwa kimya.
Akanihesabu yeye, akakunja uso.
"Ishirini na sita. Una nini?"
Ngazi, nikasema.
Haikuwa ngazi.

Jumatano sita, stoo ile ile, harufu ya sabuni.
Mbavu zinazozama. Pua inayotanuka.
Mgonjwa anayejibu kwa maneno mawili mawili.
Na namna ya kumwamsha daktari kwa simu
bila samahani, bila kuzunguka mbuyu:
kitanda, namba, ninachokiogopa.
Sikujua woga nao una nafasi yake kwenye ripoti.

Usiku mmoja wa Juni, mvua ikipiga mabati,
Mama Nelima, siku ya pili tangu upasuaji,
akaniambia, "Niko sawa, sista. Kapumzike."
Nikahesabu: thelathini na nne.
Nikajishuku, nikaanza upya: thelathini na sita.
"Daktari, kitanda cha kumi na moja.
Thelathini na sita. Ninaogopa."
Alifika kamba za viatu zikiburuta.
Sitasimulia yaliyofuata; yalikuwa marefu na machafu.
Siku ya nne Nelima alilalamika
kwamba uji hauna sukari.
Sijawahi kusikia lalamiko tamu vile.

Msidhani mambo yamenyooka.
Mtungi wa oksijeni ungali mmoja, una magurudumu matatu.
Wauguzi tungali wawili.
Dakika hatukupewa; tunaziiba
kwenye chai, kwenye salamu, kwenye miguu yetu wenyewe.
Zipo zamu ninazoshindwa, na siku hizo
naacha safu wazi. Wazi ni aibu,
lakini si uongo.

Jana nimemkuta kijana mgeni wa kazi
amesimama mlangoni, anajaza chati kwa mbali.
Sikumfokea. Ningemfokea kwa mdomo upi?
Nilivuta ndoo, nikaigeuza kifudifudi,
nikamwambia, keti.

Kitanda cha saba, kile cha Wamukota,
kina mtu mwingine sasa, fundi baiskeli wa Chwele.
Tukamtazama, sisi wawili, midomo ikihesabu.
Kijana akanitupia jicho: ngapi?
Kumi na tisa.
Akataka kuikamilisha.
Nikamshika mkono.
Andika kumi na tisa.