Kigodoro

Fundi Wepukhulu wa Ponda Mali
alitaka kuchomelea chuma: nguzo nne,
nati nene, rangi nyeusi juu.
"Hii haitoki hata gari libingirike."
Lakini Jumatatu pikapu hubeba kabichi za Molo,
na kabichi hazitaki nguzo.

Dukani walinionyesha ya kufunga na kufungua.
Niliuliza bei, nikashukuru, nikatoka.

Nyumbani nikakunja kigodoro cha Jemeli,
kile alichokikojolea hadi darasa la pili,
nikakilaza juu ya mlango wa nyuma,
nikakaza kwa mipira ya tairi.
Baiskeli yake na yangu
zikatoa shingo nje kama mbuzi wa mnadani.

Matuta yote ya njia ya Menengai
sikusikia chuma kikigonga chuma.
Jemeli aliomba jambo moja:
wenzake wakiuliza,
godoro ni langu.